Maswali Ambayo Baba Mkwe Hakuweza Kuuliza

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, Tabitha alipoacha kupepeta mahindi akashika ukuta. Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naanzia hapo kwa sababu ndipo Bwana alipoanza kunifungua.

Tabitha ni mke wa mwanangu. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Mume wake yuko machimboni Handeni, na wiki ile mke wangu naye alikuwa amekwenda huko huko msibani. Tulibaki wawili nyumbani, hapa Kerenge. Nanyi mnajua desturi yetu: baba mkwe hamuulizi mke wa mwanawe habari za mwili wake.

Mimi niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza mwenyewe kwa kusoma, na siku hizi kwa kuuliza akili mnemba kwenye simu. Mbolea, wadudu wa mahindi, maandiko magumu, nauliza na kujibiwa kwa Kiswahili. Basi Jumapili, nilipoona miguu ya Tabitha imevimba, niliuliza simu badala ya kumuuliza yeye. Ikajibu kwamba miguu kuvimba kidogo hutokea kwa wajawazito wengi. Kisha ikataka kujua: je, anaumwa kichwa? Anaona ukungu? Uso na mikono vimevimba?

Ndugu zangu, maswali yale sikuyajibu. Ningeyajibu vipi? Nilichukua sehemu ya jibu iliyonipendeza, nikaandika kwenye daftari langu "hali ya kawaida", nikaenda shambani. Nakiri mbele yenu: woga wangu niliuita heshima.

Jumanne nilipomwona ameshika ukuta, nilimwomba Mungu anipe maneno. Hayakuja. Likaja wazo. Nilifungua programu ile ile, nikaiweka simu juu ya kigoda karibu naye.

"Mama, humo kuna maswali," nikamwambia. "Mimi sitayasoma. Andika kila kitu, hata ambacho hujamwambia mama yako."

Nikaenda kusimama nyuma ya banda la mbuzi, nikiomba. Baada ya muda akaniita, taratibu.

"Baba, imesema twende sasa hivi."

Alinionyesha mistari miwili tu, mingine akaiziba kwa kidole. Iliandikwa kwamba hizo ni dalili za hatari, tusisubiri, na kwamba yenyewe haiwezi kumpima, apimwe kituoni. Nikaita bajaji.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi aliniuliza mimi kichwa kimeanza kumuuma lini. Nikatazama dari. Tabitha akampa simu. Muuguzi alisoma, kisha akanitazama na kutabasamu.

"Mzee, geukia dirishani uhesabu kuku. Hapa tunaongea wanawake."

Niligeuka. Kuku walikuwa saba. Nyuma yangu nilisikia kwamba kichwa kilikuwa kinamuuma tangu Jumamosi, na macho yalikuwa yanaona giza. Siku tatu nilikuwa nikimpita uani! Presha ilikuwa juu sana, na mkojo ulionyesha protini. Muuguzi alisema Tabitha angechelewa kidogo angeweza kupata kifafa cha mimba. Alimpa dawa, na gari la wagonjwa likatupeleka hospitali, Korogwe mjini.

Alhamisi alijifungua mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa. Wote wawili ni wazima. Tabitha mwenyewe ndiye aliyeniwekea mjukuu mikononi, akasema, "Baba, sasa uliza chochote." Sikuuliza. Nililia.

Ndugu zangu, simu ile ile ilikuwa mkononi mwangu Jumapili, na mimi nikaipa habari nusu. Mungu alimpa binti yule mahali pa kusema yote bila aibu, akatupa na muuguzi mwenye kipimo. Mwenye mjamzito nyumbani, nakusihi, usimwache abebe maswali peke yake. Mpe simu, mpe nafasi, kisha mpeleke akapimwe, na njiani mtumainieni Bwana. Atawafikisha.

Na wanaume mnaoweka akiba, wekeni na hii mapema. Nimeiandika kwenye daftari: bajaji shilingi elfu kumi na mbili, bando la simu shilingi elfu moja. Jumla, shilingi elfu kumi na tatu.