Tui Zito Mwanzoni

Ndani ya basi la kwenda Nangurukuru, binti mmoja alikuwa akimsomea mama wa Kilwa Kivinje, aliyekutana naye humo humo, riwaya ya mauaji ya jikoni. Mpishi wa kitabuni, anayejidai mzawa wa Kilwa, akachemsha samaki kwa tui zito, kisha akamalizia na tui jepesi.

"Muuaji ndiye huyo," mama akamkatiza. "Tui zito sisi tunalitia mwisho. Huyo Kilwa kapasikia tu."

Polisi wa kitabuni walikuwa wamehangaika sura tisa.

"Lakini mama, labda mwandishi ndiye hajui kupika."

"Kama hajui, angeitaja Kilwa ya nini?"

Basi likasimama. Binti akakimbilia kufunua ukurasa wa mwisho. Mama akachukua kapu lake, akashuka bila hata kugeuka kuuliza.