Milly Nabirye, Mama wa Babirye na Tenywa (1949–2017)

Marehemu Milly Kagoya, ambaye wengi wetu tulimjua kwa jina la Nabirye, alizaliwa Buwenge tarehe 14 Machi 1949, akiwa binti wa tatu wa marehemu Eria Balikowa, mkulima wa pamba, na marehemu Mariat.

Alianza shule ya msingi hapahapa Buwenge mwaka 1956. Aliacha masomo mwishoni mwa 1964, pamba iliposhuka bei na karo ikawatosha kaka zake tu. Alitoka shuleni na mwandiko mzuri pamoja na tabia ya kuwasahihisha watu hadharani, na vyote viwili alikaa navyo maisha yake yote.

Mwaka 1966 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo Jinja, akapanga chumba Nalufenya na msichana mwenzake wa kazini. Jinja ile hakuchoka kuisimulia: king'ora cha asubuhi, taa za barabarani zikiwaka zote, na wasichana wa zamu wakirudi nyumbani na nyuzi nyeupe zimenasa kwenye nywele, wakicheka, utadhani mabibi arusi wenye mvi.

Tarehe 5 Desemba 1970 alifunga ndoa na Gaster Mugweri, askari magereza, wakahamia nyumba za askari. Tarehe 9 Novemba 1971 walijaliwa mapacha, Babirye na Tenywa. Kwa desturi ya Busoga, wazazi wa mapacha hupewa majina mapya: Gaster akawa Isabirye, Milly akawa Nabirye. Na desturi hiyo ina masharti. Anayemsalimu pacha mmoja humsalimu na mwenzake. Anayempa mmoja zawadi humpa na wa pili. Kumruka mmoja ni tusi kwa nyumba nzima.

Babirye alisema mapema na kwa wingi. Tenywa hakusema hivyo. Alipofika miaka minne alikuwa akirudisha maneno aliyoambiwa, kwa sauti ileile ya aliyeyatamka. King'ora kikilia aliziba masikio. Vifuniko vya soda alivipanga mlangoni kwa rangi zake, na aliyevivuruga alikiona. Majirani wakaanza kumwita mama yao "Mama Babirye". Yeye alikuwa na jibu moja.

"Ukiniita Nabirye, umekubali kwamba wako wawili. Huyo Mama Babirye simjui. Labda anakaa nyumba ya pili."

Vita vya Aprili 1979 vilipofika Jinja, nyumba za askari zilibaki wazi, milango ikipigwa na upepo. Familia ilikwenda kwa miguu hadi Buwenge, ikarudi ikakuta hata vitasa vimeng'olewa. Mwaka 1981 Gaster alihamishiwa Mbale. Huko Nabirye alianza kazi ambayo wengi wenu mnamkumbuka nayo: kukaanga na kusaga karanga sokoni. Tenywa ndiye aliyezichambua. Karanga mbovu haikupita kwenye vidole vyake.

Mwezi Agosti 1987, vita vya upande wa Teso vilikuwa vimeleta vizuizi vya jeshi kwenye barabara za kuingia Mbale. Nabirye na Tenywa, aliyekuwa kijana wa miaka kumi na mitano, walikuwa wakirudi kwa lori la magunia kutoka Buwenge. Pamoja nao alikuwa jirani yao, askari magereza Ojok. Kwenye kizuizi abiria wote waliteremshwa. Mwanajeshi akasimama mbele ya Tenywa.

"Wewe kijana, jina yako nani?"

"Wewe kijana, jina yako nani?" Tenywa akajibu, kwa sauti ya mwanajeshi.

"Unaleta mchezo?"

"Unaleta mchezo?"

Bunduki ikashushwa begani. Ojok ndiye aliyejitokeza mbele akiwa amevaa sare yake, akapiga saluti.

"Afande, wachana na yeye. Huyu iko kichaa tu. Hapana akili."

Mwanajeshi akacheka, wenzake wakacheka, lori likaruhusiwa. Ojok aliokoa maisha siku ile, na Nabirye hakuacha kulisema hilo mbele ya watu.

Lakini neno lile liliingia nyumbani pamoja nao. Asubuhi iliyofuata Tenywa alimsalimu baba yake: "Huyu iko kichaa tu, afande." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema. Aliisema kanisani. Aliisema sokoni, na soko likaipenda. Watu walikuja makusudi kumsikiliza, wakamtupia sarafu aiseme tena. Kichaa likawa jina lake. Nabirye alisimulia baadaye kwamba aliogopa kizuizi siku moja, lakini jina lile aliliogopa kila siku, kwa kuwa aliona mwanawe anaanza kuligeukia akiitwa.

Vita vilipotulia na vizuizi kuondolewa, aliamua. Mteja wa kwanza kukutana na uamuzi huo alikuwa Ojok mwenyewe, aliyependa karanga ya kusaga, ile wanayoiita odi kwao kaskazini, kuliko nyama.

"Mama, pima odi. Na kichaa wetu hajambo?"

Nabirye akafunika beseni. "Leo siuzi."

"Mama! Mimi nimekuja kununua odi, si kusimama gwaride."

"Hata gwaride, afande, linaanza na salamu. Hapa tuko wawili."

Ojok akashusha sauti. "Nabirye, hiyo neno ndiyo iliokoa mtoto yako."

"Lilimwokoa, na nitakushukuru mpaka nife. Lakini lilikuwa neno la kizuizi, Ojok. Kizuizi kimeondolewa. Na wewe liondoe."

Soko zima likamtazama Ojok. Kisha akachuchumaa mbele ya ungo wa karanga. "Tenywa," akasema. "Mimi Ojok." Hakujibiwa. Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata, akasema hivyohivyo, akanunua odi yake na kuondoka. Msimu wa karanga ulikuwa umekwisha na mwingine umeingia ndipo Tenywa, bila kuinua macho, alipotamka: "Ojok." Mzee huyo yuko nasi leo, na anasema hajawahi kupandishwa cheo kikubwa kuliko hicho.

Wateja wengine walijifunza kwa njia ngumu. Aliyesema "mjinga wako" alirudi nyumbani bila karanga. Aliyeuliza "anakula nini huyu?" aliambiwa amuulize mwenyewe na asubiri. Wapo waliohamia mabanda mengine. Wengi walirudi, maana odi ya kule ilikuwa na mchanga.

Mwaka 2003 Bi Makokha, mtaalamu wa matamshi kutoka Bungoma, alimweleza kwamba Tenywa ana usonji. Kwamba hakurogwa, wala hakuna alichokosea mama yake. Nabirye alifurahi, akatafakari, akasema, "Asante. Hilo ni jina la hali yake. Yeye anaitwa Tenywa."

Mumewe Gaster alifariki mwaka 1998. Nabirye aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2009, akauguzwa nyumbani kwa Babirye, mtaa wa Nkoma. Baadaye figo zilidhoofika. Alifariki hospitalini Mbale Alhamisi, tarehe 22 Juni 2017, akiwa na umri wa miaka 68. Wakati programu hii ya mazishi ikiandaliwa, kamati iliuliza kama hali ya Tenywa iandikwe katika sehemu hii ya ugonjwa. Familia ilijibu kwamba mgonjwa alikuwa mama.

Ameacha watoto watatu: mapacha Babirye na Tenywa, na Kiiza aliyewafuata, mkwe mmoja, Mafabi, na wajukuu wanne, Namono akiwa mkubwa wao. Banda la karanga sokoni linaendelea, na mwenye banda sasa ni Tenywa.

Kwa agizo la marehemu mwenyewe, mnaombwa rambirambi za Tenywa msizipitishe kwa dada yake. Amekaa mstari wa mbele, kushoto, amevaa shati la kijani. Mfikieni, mtajeni jina, mwambieni pole yenu. Huenda akairudisha kama mlivyoitamka. Ipokeeni, maana na ninyi mmefiwa.

Nabirye, Mungu akupe pumziko na amani.