Hilppa Saarenketo na Takwimu za Watu Wenye Adabu

Wasikilizaji wapendwa, mimineni kahawa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja wa hapa hapa mjini kwetu Tampere. Jina lake Hilppa Saarenketo. Profesa Hilppa Saarenketo. Amefariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, moyo umesimama tu. Alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Huenda humjui kwa sura. Lakini kama kwenye jengo lenu kuna vile vifundo vya chuma ukutani, vya kuzungusha ili kushika zamu ya sauna, kile chumba cha joto na mvuke cha jengo zima, basi kazi ya mikono yake unaijua. Maisha yake yote alifanya utafiti wa aina moja: vifaa ambavyo mtu mwenye ulemavu anaweza kuvitumia mwenyewe, bila kuomba msaada. Asiyeona, asiyesikia, asiyeweza kunyoosha mkono. Vifaa vyao. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Alizaliwa Ruovesi. Baba yake alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha mbao. Walizaliwa wawili tu, yeye na kaka yake Oiva. Oiva yupo, na wiki hii amekubali kuongea na mimi. Na Oiva haoni. Macho yake yaliondoka kwa ugonjwa akiwa kijana.

Hilppa, akiwa bado shule ya msingi, ndiye alikuwa anamsomea kaka yake gazeti. Ukurasa wa mpira wa magongo wa barafuni ndio ulikuwa muhimu. Sasa timu ya Oiva mwaka ule ilikuwa mbovu, inafungwa na kila mtu. Binti akaona huruma. Akawa anasoma anavyotaka yeye.

"Timu yangu ilishinda msimu mzima," Oiva ameniambia. "Mpaka baba akanunua redio."

Hapo, anasema, waligombana. Kisha Hilppa akaanza kumtengenezea vitu. Saa iliyotolewa kioo, aiguse mishale. Jiko lenye misumari midogo kwenye swichi. Vingine viliungua. Akaenda chuo kikuu, akasoma umeme, akaandika tasnifu ya udaktari kuhusu namna vidole vinavyosoma ukuta, mlango, kitufe. Akawa mhadhiri.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nije kwenye jambo lililofanya nimlete hapa leo.

Mnakumbuka zamani zamu za sauna za jengo zilishikwa kwa vigingi. Kila nyumba na kigingi chake, ukutani kule chini karibu na lifti, unakichomeka kwenye siku yako, umemaliza. Ikaja kampuni moja ya kupangisha nyumba ikang'oa vigingi, ikaweka kioo cha kugusa. Kizuri, kinang'aa. Asiyeona akikigusa ni kama anapapasa dirisha.

Hilppa akapewa kazi: kifanye kioo kitumike na kila mtu. Akakipa sauti. Kinakuuliza, unagusa pembe, kinakujibu. Kikawekwa kwenye majengo machache, wakazi wasioona wakakijaribu, Oiva akiwamo. Akawauliza, vipi? Wote wakajibu kama tunavyojibu sisi hapa. Inafaa. Sawa tu. Hakuna shida.

Ripoti ikatoka: mafanikio. Kampuni ikataka kuweka kioo kile kwenye majengo yake yote. Na chuoni kiti cha uprofesa kilikuwa wazi, uamuzi ni vuli, na jina la Hilppa lilikuwa juu. Kila kitu kilikaa juu ya ripoti ile moja.

Ikafika sikukuu ya katikati ya kiangazi. Familia ikaenda kwenye kibanda chao ziwani. Soseji, viazi vipya, mbu. Oiva akaingia sauna, hatoki. Watu wakaoga, wakaogelea, wakala, Oiva bado yumo. Hilppa akajifunga taulo akaingia, wakakaa benchi la juu wote wawili kama walivyozoea tangu utoto. Haya yote amenisimulia Oiva mwenyewe.

"Kaka, unakaa humu kama umefungiwa. Kwani mjini huogi?"

"Nina bafu."

"Na sauna ya jengo?"

Oiva akamwaga maji kwenye mawe. Mvuke ukapanda.

"Sijashuka tangu Krismasi."

Hilppa akauliza kama mtambo umeharibika.

"Haujaharibika, dada. Ungeharibika ningefurahi. Unanitangaza kama treni stesheni. Oiva Saarenketo, zamu yako imepokelewa, siku fulani, saa fulani. Watu wanatoka kwenye lifti wanasikia. Yule mama wa ghorofa ya tatu ananiuliza mpaka kwenye ngazi, leo ndiyo siku yako, eh?"

Wasikilizaji wapendwa, ninyi mnajua. Sisi tunachungulia kwanza kwenye kitundu cha mlango, tuone kama jirani ameshapita, ndipo tunatoka. Halafu mtambo unatangaza nani anavua nguo lini.

Hilppa akasema, "Lakini nilikuuliza. Ukasema inafaa."

"Uliniuliza kama unafanya kazi. Unafanya. Na ulikuwa umekuja na mkate wa iliki wa moto. Ningesemaje?"

Jumatatu Hilppa akawarudia wale waliojaribu, nyumba kwa nyumba. Kahawa juu ya kahawa. Wote: sawa tu. Ndipo akakumbuka ni kwenye mvuke Oiva aliposema ukweli, akakodisha sauna ya chama cha wasioona. Akaingia yeye na wanawake. Siku nyingine Oiva akaingia na wanaume. Mara ya kwanza ya kumwaga maji, kimya. Mara ya pili mmoja akaguna. Mara ya tatu, anasema Oiva, hakukuwa na nafasi ya kupitisha neno. Zaidi ya nusu yao walikuwa wameacha kabisa kuchukua zamu.

Hilppa akaenda kwa mkuu wa idara, Profesa Ahti Rekola. Akamwambia ripoti anaiondoa. Rekola hakuwa mtu mbaya. Akamshauri angoje hadi vuli ipite, kiti apate, ndipo arekebishe. Akamwambia takwimu zake ni nzuri.

"Takwimu ni za watu wenye adabu," Hilppa akamjibu. "Ukingoja vuli, kioo kitakuwa kwenye kila jengo, na watu watanuka kwa adabu."

Akaiondoa. Kampuni ikakasirika, ikafunga mkoba wa fedha. Kiti cha uprofesa kikaenda kwa mtu wa Oulu. Hilppa alikipata baadaye sana, karibu na kustaafu. Binti yake, Saimi, anasema mama yake hakuwahi kulilia kiti kile. "Alilalamika kuhusu maegesho tu," anasema. "Profesa alikuwa na nafasi karibu na mlango."

Alichokifanya badala yake ndicho mnachokijua. Vifundo vya chuma. Unakizungusha chako hadi kwenye siku yako, kinatetemeka kidogo mkononi, zamu ni yako. Hakisemi kitu. Anayetaka kioo, kioo kipo pembeni. Leo hata wenye macho mazima wanatumia vifundo.

Na akabadilisha namna ya kuuliza. Wanafunzi wake wakaiita mahojiano ya taulo. Kamati ya maadili ya chuo ilikaa vikao kujadili kama mtu aliye kwenye joto lile ametoa ridhaa kweli. Wakaamua: asaini akiwa na nguo, aseme akiwa na taulo, na akishapoa aulizwe tena kama maneno yake yatumike. Mpaka leo ndivyo wanavyofanya.

Saimi anasema hata nyumbani ilikuwa hivyo. "Ukimwambia mama uko sawa tu, anavuta kiti. Hasemi kitu. Anakaa. Mwisho unasema, ili tu aondoke."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Oiva, kwa Saimi na watoto wake, na kwa wanafunzi wa Profesa Hilppa Saarenketo. Mazishi ni Jumamosi, kanisa la Ruovesi, na kahawa baadaye.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Yule tuliyemsaidia, tukamuuliza, akasema asante inafaa: tulikaa tukasubiri, au tulikuwa tayari tumevaa viatu?

Oiva aliniomba jambo moja kabla sijazima kinasa sauti. Niseme yote, timu iliyofungwa, ugomvi, yote. Ila nisitaje siku yake ya sauna wala saa.

Sitaji.