Ernst Aeschlimann, Fundi Bunduki, na Bastola ya Shemeji Yake

Marehemu Ernst Aeschlimann alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika shamba la Schwandmatt, juu ya kijiji chetu cha Hinterschwand, katika bonde la Emme, hapa Uswisi. Alikuwa mtoto wa nne wa Gottfried na Lina Aeschlimann. Theluji ilikuwa imefunga njia, na mkunga alifika akiwa amechelewa sana. Bibi, yaani mama yake, alizoea kusema kwamba tangu siku hiyo mwanawe hakuona sababu ya kuharakisha jambo lolote. Ni kweli. Mara moja tu aliharakisha, na mimi binti yake nimeagizwa naye niwasomee habari hiyo hapa mazishini kwake, hata kama nisingependa.

Alisoma shule ya kijiji hadi darasa la tisa. Hesabu alizipenda, kuimba aliwaachia wenye sauti. Mwaka 1957 alikwenda Thun kujifunza ufundi wa bunduki, akahitimu mwaka 1961. Mwalimu wake hakutaka kusikia neno "karibu sawa". "Aeschlimann," alikuwa akimwambia, "kitu kinaingia ama hakiingii. Kinachokaribia kuingia hakiingii." Baba alizoea kutuambia maneno hayo hata tulipokuwa tukivaa viatu.

Mwaka 1968 alifungua karakana yake chini ya nyumba. Alitengeneza bunduki za wanajeshi wa akiba, za wawindaji, na zaidi ya zote bastola za kulengea shabaha. Mteja akiuliza, "Ernst, iko tayari?" alijibiwa, "Ikiwa tayari, itakuwa tayari." Watu walinung'unika, lakini walirudi.

Tarehe 8 Mei 1970, katika kanisa hili hili, alimwoa Rosmarie Zaugg. Aliyewakutanisha ni kaka yake mama, Mjomba Jakob, ambaye sote tunamwita Köbi. Alipeleka bastola yake kwa Baba itengenezwe, na dada yake akamsindikiza. Alipoona fundi hatazami bastola kabisa, alimwambia, "Sikia, bwana. Bastola nitaidai wiki ijayo. Dada sitamdai." Walijaliwa watoto wawili, mimi Therese na mdogo wangu Beat.

Sasa nifike pale nilipoagizwa. Mwaka 2005 kanuni za mashindano ya bastola za kufyatua kwa kasi zilibadilika. Risasi fupi iliyotumika miaka yote iliondolewa, ikaja ndefu zaidi, yenye unene uleule. Bastola nzuri za watu zikabaki mapambo ya kabatini. Baba akaanza kuzigeuza zipokee risasi mpya: mtutu mwingine, springi nyingine, magazini nyingine ya kulisha risasi, kisha kuijaribu bastola kutwa nzima. Zilikuja kutoka jimbo zima. Ya Mjomba Köbi ilikaa mwisho wa foleni, maana mtu wa nyumbani husubiri.

Tamasha la wapiga shabaha la jimbo likakaribia, Juni 2006, na magazini ya Mjomba haijafika. Baba akaipanua ile ya zamani kwa mkono. Alipoijaribu, risasi moja ilikwama. Akaisafisha, akajiambia ni uchafu, akamkabidhi shemeji yake.

Kwenye raundi ya mwisho Mjomba, aliyepigia chama cha kijiji chetu, alikuwa anaongoza. Bastola ikakwama. Akainua mkono kama kanuni inavyotaka. Kosa likiwa la bastola, mpigaji hurudia. Likiwa la mpigaji, risasi zilizobaki huandikwa sifuri. Msimamizi alisema inaonekana amepakia vibaya.

"Nimepakia vizuri," Mjomba alisema. "Muulize huyo hapo, ndiye aliyeigeuza."

Msimamizi akamgeukia Baba. "Fundi, bastola hii ni nzima?"

Nyuma ya Baba walikuwa wamesimama wateja wake wa majira yale yote. "Nzima," alisema. "Nimeijaribu mwenyewe."

Risasi zilizobaki zikaandikwa sifuri, Hinterschwand ikashindwa siku hiyo, na aibu yote ikamwangukia mtu mmoja. Kule baa ya Bären, Mjomba akichanganya karata, wenzake waliuliza, "Köbi, hizo umezipakia sawasawa?" Akipita na trekta, "Nyasi hizo nani kapakia? Angalia zisije zikawa sifuri." Tulicheka, yeye naye akicheka nasi. Baadaye akaacha kuja kucheza karata, na bastola hakuigusa tena.

Juma lililofuata Baba aliifungua ile magazini, akaona mahali risasi ilipokuwa ikigonga. Akaomba arudishiwe bastola zote alizokuwa amezigeuza, akazikagua upya bila malipo. Watu wakamsifu kwa uaminifu. Alisema sifa zile zilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Makosa ya wageni aliyasahihisha yote, la shemeji yake akaliacha.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Baba ilikuwa kutoka mlangoni kwetu hadi kwa Mjomba, ng'ambo ya kijito, nayo hakuimaliza. "Nilikwenda kumwambia," alinieleza, "tena si mara moja. Nikifika ananiambia, kaa shemeji, unywe kahawa. Nikiinuka ananipa jibini. Utamwambiaje mtu neno kama hilo na jibini lake umelikumbatia?" Jibini lile tulilila sote nyumbani, tukasema Mjomba ana mkono mwema.

Mnamo Februari mwaka huu wa 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hakulalamikia maumivu. Alilalamikia hili. Nilimwambia, "Mwite basi, Baba. Atakuja leo hii."

"Akija atanisamehe hapa, tuko wawili," alisema. "Mimi nilimwaibisha mbele ya watu. Soma kanisani. Usisubiri wakati wa chakula cha baada ya mazishi, wakishakunywa watasema ni mambo ya zamani."

Nilimkasirikia, na bado nina hasira kidogo. Aliuweka ukweli mpaka akawa hawezi tena kutazamwa usoni, kisha akaniachia mimi. Mama nilimwambia juzi. Aliosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa. Kisha akasema, "Soma. Huyo ni mume wangu, lakini yule ni kaka yangu."

Baba alifariki dunia Jumapili, tarehe 3 Novemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Aliomba chama cha wapiga shabaha kisimpe heshima ya kushusha bendera juu ya kaburi lake, na mwenyekiti, aliyekuwa akiniuliza sababu tangu juzi, sasa ameisikia.

Ameacha mke, Rosmarie; watoto, Therese na Beat; wajukuu, Livia, Nils na Annelies; na dada yake, Hanni. Ameacha pia shemeji, Jakob Zaugg, ambaye siku ile alipakia vizuri.

Kuomba apumzike kwa amani, Baba hakuthubutu. Alisema neno hilo niliache mikononi mwako, Mjomba Köbi. Ukilitamka, nasi tutaitikia amina. Usipolitamka, tutamzika hivyo hivyo.