Nyumba Tisa Alizozaliwa Marehemu

Ndugu waombolezaji, mtuwie radhi mapema, kwani historia hii ya kaka yetu mpendwa, mliyemzoea kwa jina la Bwana Zamu, imetutoa jasho sisi familia, na hata sasa nikiisoma kichwa bado kinanizunguka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, tarehe haina utata, utata ni nyumba, maana ziko tisa hapa mlimani na kila moja inaapa kwamba alizaliwa humo.

Alisoma shule ya msingi ya bondeni kuanzia 1960 hadi 1966, na mwaka 1970 akaajiriwa kubeba mizigo na kampuni ya mjini, iliyoleta watalii kututazama sisi watu wa milimani kwa saa moja, kutupiga picha na kuondoka, hata maji yetu hawajaonja. Jambo hilo lilimkera mno, na tarehe 2 Mei 1989 akawakutanisha wenye nyumba zote tisa, wakakubaliana kupokea wageni wenyewe, kwa zamu, bila nyumba kurukwa hata iwe ndogo namna gani. Wageni walipenda kulala alikozaliwa mwenyeji wao, yaani marehemu aliyewaongoza, naye, ili nyumba yoyote isidharauliwe, akawaambia kila mara kwamba ni hiyo hiyo watakayolala.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, akajaliwa watoto wanne, wote wapo hapa.

Figo zilimsumbua tangu Februari 2019, akafariki Jumanne tarehe 4 Juni, saa nne asubuhi, baada ya kutuagiza tumzike alikozaliwa. Hapo ndipo tulipochanganyikiwa kabisa. Wazazi hawapo, na dada yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka saba marehemu alipozaliwa, amewasimulia wageni maneno ya marehemu miaka thelathini mpaka hajui tena lipi la kweli, akaishia kulia, nasi tukalia naye, kwa kuogopa kumkosea kaka agizo lake la mwisho.

Shemeji yetu, mjane wake, ndiye aliyefungua daftari la zamu, akatuonyesha kwamba wiki hii ni ya mhunzi, mwenye chumba kimoja kule ukingoni. Kaburi limechimbwa nyuma ya chumba hicho, na tangu jana mhunzi anamwambia kila anayefika kwamba marehemu alizaliwa humo, nasi hatumbishii.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yetu, majirani waliopandisha jeneza mlima mzima kwa mabega, na waongoza wageni wenzake.

Pumzika kwa amani, kaka, hapa hapa ulipozaliwa.