Madaftari ya Watoto Waliokuwa Wakicheza

Zimeni redio, wanangu, mfunge na huo mlango, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu. Wewe wa kati, acha kulia, utalia baadaye. Kitindamimba, niinulie mto. Na wewe, kifunguamimba wangu, usisimame hapo kama mgeni. Njoo ukae kitandani nikuone, maana mengi ya leo ni yako.

Nyumba hii ni yenu watatu, na msije mkagombania vyumba majirani wakawacheka. Chekechea simwachii hata mmoja wenu. Nampa mwalimu msaidizi, huyo mnayemwita Bibi Vizibo, na karatasi nimeshasaini. Mnaguna? Guneni. Miaka thelathini na moja yule mama amekaa sakafuni na watoto wa miaka minne, wakiuziana sukari ya mchanga kwa vizibo vya soda, na mtoto aliyeuza akarudisha chenji hakuhitaji kiboko ili ajue tano na tatu ni nane. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya duniani, na ndiyo iliyomwagiwa saruji.

Ndiyo, saruji, kifunguamimba. Nilipougua ukaishika shule, uwanja wa mchanga ukausakafia, ukapanga madawati, ukawapa kurasa mbili za kuandika nyumbani watoto ambao bado wanavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Na kabla ya hapo ulinivua nguo hadharani. Uliyabwaga madaftari mezani kwenye kikao cha wazazi, ukasema, "Hizi a, e, i, o, u hawakuziandika watoto wenu. Mama anawadanganya." Nilitamani ardhi inimeze. Ndugu zako tangu siku ile wanakuita msaliti, nami nimewaacha wakuite hivyo miaka miwili, Mungu ananiona, huku najua ninachokijua.

Nipeni maji kidogo. Inatosha.

Wazazi walitaka daftari lililojaa. Wakilikuta jeupe, wanamhamisha mtoto. Basi mimi mchana nikawaacha watoto wacheze, na madaftari nikaja nayo nyumbani. Mwandiko wangu ulikuwa umenyooka mno, wangeujua, kwa hiyo nikampa dada yenu, huyu kifunguamimba. Alikuwa na miaka saba. Kila jioni, nyinyi wawili mkifukuzana uani, yeye yuko mezani na madaftari arobaini, anaandika kwa niaba ya watoto wa watu ili wao wacheze. Alipofika miaka tisa herufi zikaanza kupendeza, nikamfinya sikio, nikamwambia, "Andika vibaya!" Akanitazama tu, hajui amekosa nini. Siku moja aliniuliza, "Mama, mimi nitacheza lini?" Nikamjibu, "Ukimaliza." Madaftari yale hayakuisha mpaka alipopata miaka kumi na mbili na mkono ukakataa kabisa kukosea, ndipo nikaanza kuandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

Nami nilikuwa nikialikwa kwenye semina, nasimama mbele ya walimu wenzangu nawaambia mtoto hujifunza kwa kucheza, wananipigia makofi. Mnafiki mkubwa! Msimwite tena msaliti. Alichowaambia wazazi kilikuwa kweli, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mtoto kazi yake ni kukaa mezani.

Lakini hasira ninayo bado, kifunguamimba wangu, siwezi kukuficha. Binti yako ana miaka minne na darasani hasemi. Akiona penseli anajikojolea. Mtoe kwenye dawati kesho asubuhi, usingoje matanga yangu yaishe. Bibi Vizibo apewe funguo kabla sijazikwa. Saruji ivunjwe, wa kati, nyundo utashika wewe, una kifua. Mimi mnizike haraka, bila hotuba za walimu.

Sogeeni, sauti inakwisha... Mungu awape afya, awape watoto wanaopiga kelele. Wa kati, usimwache mdogo wako. Kitindamimba, baraka zangu unazo, nenda nazo. Na wewe wa kwanza... uko wapi? Huu ni mkono wako? Baraka zako nazitoa zote, hata ukininunia. Ulitaka shule, nimekunyima, maana hujui kucheza, na kosa hilo ni langu... Usiseme kitu. Sikuombi unisamehe, mama. Nimekutumikisha vya kutosha.