Waliobeba Bunduki Wasizozipiga

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wetu wa Kijiji, Ndugu Anselm, ambaye leo amechagua kiti cha mbali na mimi na sababu tunaijua, Padri wetu na Shehe wetu, Mwalimu Winfrida, mstaafu wa somo la historia na adui yangu namba moja mezani, bibi yetu Agripina, uliyetoka Mgori kwa bodaboda ukiwa na miaka themanini na sita na hukudondosha hata kanga, wafanyabiashara wa njia panda, wakulima, wanafunzi, wageni waalikwa, na ninyi mlioona turubai mkasogea kunusa pilau: shikamooni wakubwa zangu, habari za asubuhi wadogo zangu, Tumsifu Yesu Kristo, Asalaam aleikum.

Kwa wasionijua, ingawa sijui mtu wa namna hiyo anaishi wapi, mimi ni Hosea Mughwai, naitwa Jenerali kuanzia hapa Mkiwa mpaka Tunduma. Shule nilisoma hadi darasa la sita. La saba lilinisubiri, nikalipita na lori. Miaka thelathini na moja nimeendesha, Kigali, Lubumbashi, Lusaka, Mombasa, na popote nilipoambiwa hapa watu walipigana, niliegesha. Wenzangu wakiegesha kwa ajili ya nyama choma, mimi naegesha kwa ajili ya handaki. Tajiri wangu alikuwa ananipigia simu: "Hosea, mzigo uko wapi?" Namjibu: "Bosi, mzigo upo, ila hapa Mwingereza alipigwa vibaya, nipe dakika kumi." Nimesimama Tanga pale Waingereza waliposhuka melini mwaka elfu moja mia tisa na kumi na nne. Nimesimama Taveta. Nimesimama Zambia kwenye daraja la mto Chambeshi, penye mnara wa kumbukumbu ya mahali vita ile ilipoishia. Ni nani mwingine katika wilaya hii aliyeikanyaga vita ya kwanza ya dunia kuanzia mlango wa mbele mpaka mlango wa nyuma? Anyooshe mkono. Naona kimya. Tuendelee.

Mheshimiwa, uliposhuka kwenye gari uliniambia maneno ambayo nayarudia hapa ili yasibaki ya watu wawili. Ulisema: "Bwana Hosea, nimeletewa barua. Inasema humo ndani mnacheza kamari, na inasema mnachimba mali za Mjerumani. Nitakusikiliza kwanza, ndipo nijue kama nimekuja kukifungua hiki chumba au kukifunga." Wewe ni kiongozi mkweli, na mimi nakushukuru. Basi nina hotuba moja tu ya kuokoa meza ya miaka sita ya klabu yetu ya michezo ya vita. Nimewahi kuteremka mlima Kitonga breki zikiwa zinanuka, na sikuogopa kama ninavyoogopa sasa.

Nianze na kamari. Humo ndani kuna meza ya mbao, urefu hatua nne, upana hatua mbili. Juu yake tumeweka udongo wa mbuga, tukafinyanga vilima vya Kondoa, makorongo na njia, kila kitu mahali pake, maana tulikwenda tukakitembea kwa miguu kabla ya kukifinyanga. Misitu ni njiti za fagio. Askari wa Mjerumani ni vizibo vyekundu vya soda, wa Mwingereza ni vizibo vya bluu, na bunduki ya rashasha ni msumari wa inchi nne. Kila upande unasogeza watu wake kwa kamba yenye mafundo; fundo moja ni saa moja ya kutembea. Unapanga, unaficha, unazunguka nyuma, unamdanganya mwenzako kwamba unakuja kulia kumbe unakuja kushoto. Mheshimiwa, utamu wake! Nimeona watu wazima wenye wajukuu wakisimama juu ya benchi wakipiga kelele kwa sababu vizibo kumi na viwili vimekatiza korongo!

Na dadu ipo, sikatai. Lakini dadu yetu hailipi mtu. Dadu ni mvua iliyonyesha kabla ya wakati wake, ni mjumbe aliyepotea njia, ni amri iliyochelewa. Pale Tanga jeshi zima lilishuka na mipango yake imepigwa mhuri, likaingia porini, risasi zikapasua mizinga, nyuki wakatoka. Sisi watu wa Singida nani atufundishe nyuki? Nyuki hawakuuliza huyu wa Kaiza wa Ujerumani au huyu wa Mfalme wa Uingereza. Walichoma pande zote mbili bila upendeleo, kama watumishi wa umma wanavyotakiwa. Sasa, Mheshimiwa, unamwekaje nyuki mezani bila dadu? Mimi mwenyewe nilipoutengeneza mchezo wa Tanga kwa mara ya kwanza, kwa sababu baba yangu alikuwa mrina asali, niliwapa nyuki nguvu kidogo zaidi. Mpaka jioni walikuwa wameshaiteka Tanga na wanaelekea Korogwe. Mwalimu Winfrida akavua miwani akaniambia, "Hosea, nyuki hawakuwa na kamanda." Tukawapunguza.

Huyu Mwalimu naomba asimame mumwone. Mama, simama. Makofi! Huyu ndiye aliyenifundisha kwamba ushujaa bila tarehe ni porojo. Amenipiga mezani mara nyingi, nami nimempiga mara nyingi zaidi, na akibisha nitasema kipaza sauti ni kibovu. Ila kuna kipigo kimoja sitakisahau. Tulikuwa tunacheza Kondoa, mwezi wa tano mwaka kumi na sita, Mjerumani anapanda vilima kumfukuza Mwingereza. Mimi Mjerumani. Nimepanga vizibo vyangu vizuri mpaka nikajipigia makofi. Mwalimu hakusogeza kitu. Akaniuliza, "Askari wako wamekula nini leo?"

Nikamwambia, "Mwalimu, hawa wanakula ushindi."

"Haya, uwape na kesho, uone kama utashuka tumboni. Na hii misumari yako, nani ameibeba mpaka huku?"

"Imebebwa."

"Na nani, Hosea?"

Nikakosa la kusema. Mimi, Jenerali, nikakosa la kusema! Watu wakacheka mpaka mama ntilie jirani akaja na mwiko kuona kuna nini. Na wote walidhani nimenyamaza kwa kushindwa mchezo. Haikuwa hivyo. Nilinyamaza kwa sababu jibu nilikuwa nalijua, na nilikuwa nimelificha mwaka mzima.

Sasa nakuja kwenye mashtaka ya pili, Mheshimiwa, na hapa naomba utulivu.

Ndugu Anselm aliandika kwamba tunachimba mali za Mjerumani. Watu wa klabu walikasirika. Walitaka nisimame hapa niseme Mwenyekiti ni mwongo. Anselm, kaka yangu, nitazame. Wewe si mwongo. Klabu haijawahi kuchimba hata shimo la kupanda mwembe. Lakini Hosea alichimba.

Ndiyo. Msigune kwanza, malizeni kusikia ndipo mgune kwa pamoja.

Nyote mnaijua homa hii. Hakuna boma la Mjerumani nchi hii ambalo halijazungukwa na mashimo. Kila kijiji kina mtu anayejua mtu aliyeoteshwa sanduku la rupia. Nami pamoja na kusafiri kwangu kote, pamoja na ujanja wangu wote, niliugua homa hiyo hiyo ya kijijini. Mzee mmoja wa barabarani aliniambia kuna kilima upande wa Mgori, vita ilipopita kwenda Kondoa, Mjerumani aliacha vitu. Jina la kilima silitaji, maana humu nawajua wenye sururu. Nikaazima mashine ile inayolia ikisikia chuma. Nikamwambia mke wangu naenda kuangalia mbegu za alizeti. Nikapanda peke yangu asubuhi, mashine ikalia, moyo ukalia zaidi ya mashine. Nikachimba. Magoti yangu yote mawili yamo shimoni, tayari nimeshanunua lori kichwani, tena jipya, tena lenye friji!

Nikatoa kikombe cha bati kilichooza. Nikachimba tena. Nikatoa mfupa.

Nilipoinua kichwa, bibi amesimama mbele yangu na mzigo wa kuni. Bibi huyu hapa. Nikamwamkia, maana hata mwizi ana adabu zake: "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unatafuta nini, baba?"

"Natafuta historia, bibi."

Akaitazama sururu. Akasema, "Historia ya kwenu inalimwa?"

Kisha akautua mzigo wake, akakaa chini, akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Kwamba askari walipokwenda vitani hawakubeba vitu vyao. Walikamata watu mashambani, Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo, wakawatwika unga, risasi, na bunduki zile nzito vipande vipande. Kwamba unga ulipopungua, walioacha kula kwanza ni waliobeba unga. Kwamba babu yake, mzaa baba, aliitwa Alute, alichukuliwa akiwa anapalilia mtama, akafika kwenye kile kilima tumbo likiwa limemshinda, akalala pale na wenzake saba, na mwenzake mmoja aliyerudi hai ndiye aliyekuja kumwonyesha baba wa bibi mahali penyewe. "Baba alinionyesha mimi," akasema. "Mimi wanangu wako Arusha na Dar, hawajawahi kupanda huku. Nikifa mimi, nani atajua kwamba yupo hapa? Hata wewe mtu mzima umesimama juu yake hukujua."

Jamani. Nimeshapigwa na trafiki, nimeshapigwa na malaria ya Kongo, nimeshapigwa na mke wangu kwa maneno. Sijawahi kupigwa hivyo.

Nilirudisha kikombe, nikarudisha mfupa, nikafukia kwa mikono yangu. Bibi akanidai kondoo, nikaleta kondoo, wazee wa ukoo wakasema maneno yao pale, na mimi nikasimama nyuma nimevua kofia. Mashine nilimrudishia mwenyewe nikamwambia haifanyi kazi. Halafu nikarudi hapa Mkiwa nikaendelea kusogeza vizibo na kujisifu mwaka mzima, na sikumwambia mtu. Mpaka siku ile Mwalimu aliponiuliza, na nani, Hosea?

Nilimwambia usiku ule ule kwenye simu. Asubuhi akaja na kikapu cha alizeti. Tangu siku hiyo, Mheshimiwa, ukiingia humo ndani utaona nyuma ya kila kizibo kuna mstari wa mbegu za alizeti. Mbegu moja ni wapagazi kumi. Msumari mmoja hausogei bila mbegu zake. Kila fundo la kamba, mbegu zinakula. Chakula kikiisha, zinaondolewa moja moja, na unazitoa mwenyewe kwa vidole vyako, huruhusiwi kumwambia mwingine akutolee. Mchezo umekuwa mgumu mara kumi na mtamu mara ishirini! Majenerali wa zamani walioshinda kila siku sasa wanashindwa, kwa sababu wanafika juu ya kilima wana bunduki nzuri na hakuna mtu wa kuibeba. Kijana akishatoa mbegu kumi na tano kwa siku moja, ukimuuliza vita ni nini hakupi jibu la sinema. Vitabu vyenyewe vinakubali kwamba katika vita ile wapagazi walikufa wengi kuliko askari, ila mimi na vitabu vyote nilivyosomea ndani ya lori langu hatukuwa tumewapa hata nafasi ya kizibo kimoja.

Na ukutani kuna majina. Tumekwenda nyumba kwa nyumba, Mwankoko, Ikungi, mpaka Mkalama, Mwalimu anauliza, mimi naendesha. Mpaka jana yalikuwa majina sitini na matatu. Kuna nyumba tulifukuzwa na mbwa, wakidhani tunauza bima. Kuna nyumba mzee alilitaja jina la baba yake mkubwa akatuambia ni mara ya kwanza kulitamka tangu azikwe mama yake. Hiyo ndiyo mali ya Mjerumani tuliyoipata, Mheshimiwa, na Mjerumani hakuijua.

Basi nakiri mbele yako, mbele ya Padri na Shehe, na mbele ya mke wangu ambaye sasa anajua kuhusu zile mbegu. Sheria inasema nini juu ya mtu aliyechimba pale, wewe waijua. Shughulika na mimi, niko tayari, nyumba yangu ni ile yenye bati la kijani. Kama chumba kinafungwa kwa ajili yangu, nitampa ufunguo Mwalimu na sitakanyaga humo. Lakini ule ukuta nakuomba usiufunge. Juu ya mlango fundi alikuwa ameandika "Kituo cha Vita cha Jenerali Hosea", kwa herufi kubwa, kwa maelekezo yangu mwenyewe, siwezi kumsingizia. Jana tumefuta. Sasa imeandikwa "Chumba cha Alute na Wenzake". Jina langu limebaki chini kabisa, dogo. Nimeliacha, mimi siyo malaika.

Nawashukuru sana kwa kunivumilia, hasa wewe Ndugu Anselm. Barua yako imenitoa moyoni jiwe ambalo nisingelitoa mwenyewe. Itifaki inasema baada yangu anasimama mgeni rasmi. Mheshimiwa, naomba unisamehe kosa moja zaidi. Kabla yako kuna mtu ambaye amesubiri miaka mingi kuliko sisi wote kulitaja jina la babu yake mbele ya serikali.

Bibi Agripina, kaa hapo hapo, nakuletea kipaza sauti. Mimi nanyamaza.